Saa za Kompyuta na Fumbo la Njia

Kila kompyuta ina saa yake, na ukiiacha peke yake saa hiyo hupotea. Ndani ya mashine kuna kipande kidogo cha fuwele ya kwatsi kinachotetemeka kikipitiwa na umeme, na kompyuta huhesabu mitetemo hiyo ili kupata sekunde. Fuwele hizo ni za bei ya chini. Chumba kikipata joto mwendo wake hubadilika, zikizeeka hubadilika tena, na mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja hazilingani. Zikikosea kwa sehemu kumi tu katika kila milioni, saa inakuwa mbele au nyuma kwa karibu sekunde nzima kila siku. Mwezi ukiisha, karibu nusu dakika imepotea.

Nusu dakika haimsumbui anayesubiri daladala. Lakini mashine moja ikiandika kwamba fedha zimeingia kwenye akaunti, nyingine ikaandika kwamba zimetolewa, na saa za mashine hizo hazipatani, kumbukumbu zitaonyesha mteja ametoa fedha kabla ya kuziweka. Mwaka 1978 Leslie Lamport, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliandika makala iliyokuja kuwa maarufu kuhusu jambo hilohilo: mashine zikitawanyika, si rahisi kusema tukio lipi lilitangulia lipi. Sehemu ya jibu lake ilikuwa kuacha kuzitegemea saa, mashine zihesabu matukio yenyewe kwa kupeana namba. Wapo waliochagua kazi ngumu zaidi, ya kuzifanya saa zikubaliane. Historia hii inawahusu hao.

Saa nzuri tayari ilikuwapo. Mwaka 1955 Louis Essen na Jack Parry, wakiwa kwenye Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza, walikuwa wameunda saa ya atomu za seziamu iliyozipita saa zote zilizoitangulia. Mwaka 1967 mataifa yakakubaliana kwamba sekunde ni mitetemo 9,192,631,770 ya atomu hiyo, na shauri la sekunde ni nini likaishia hapo. Kilichobaki ni namna ya kuitoa sekunde hiyo maabara na kuifikisha kwenye mashine iliyo mbali, kwa njia ambayo urefu wake haujulikani na msongamano wake hubadilika kila dakika.

Aliyelivalia njuga suala hilo alikuwa David Mills. Alizaliwa Oakland, California, mwaka 1938, akiwa na glakoma, ugonjwa wa presha ya macho. Upasuaji wa utotoni uliokoa sehemu ya uwezo wa kuona wa jicho la kushoto, naye akasoma kwa jicho hilo hadi shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1971. Mwaka 1977 akajiunga na COMSAT, kampuni ya mawasiliano ya setilaiti mjini Washington. Hapo alikuwa na kompyuta ndogo za aina ya PDP-11, na akaziandikia programu aliyoiita Fuzzball. Fuzzball ilipitisha pakiti za data, ilipeleka barua, na ilifanya majaribio yoyote ambayo bwana wake aliyawaza. Mwaka 1986, Marekani ilipounda mtandao wa kuunganisha vituo vyake vya kompyuta kubwa, mashine za Fuzzball ndizo zilizokuwa ruta za uti wa mgongo wake.

Baadhi ya mashine hizo hazikutegemea fuwele. Zilihesabu saa kwa umeme wa ukutani, ambao Marekani huenda mizunguko 60 kwa sekunde. Ila gridi nayo ina tabia zake: mzigo ukiwa mkubwa mizunguko hupungua, mzigo ukishuka wahandisi huiharakisha kufidia, na kwa siku moja saa inayotegemea gridi huweza kuyumba kwa sekunde kadhaa. Mills alizilinganisha saa hizo na saa za redio zilizopokea mawimbi ya kituo cha serikali cha Colorado, akachora yumbayumba ya gridi akiwa mezani kwake. Mhandisi mwingine angelalamika tu, lakini yeye aliona hapo somo: ukiijua tabia ya saa mbovu, unaweza kuirekebisha mfululizo.

Mwezi Aprili 1981 alichapisha maelezo ya huduma yake ya kwanza ya saa mtandaoni, na Septemba 1985 yakafuata ya itifaki kamili ya saa za mtandao, NTP. Kiini chake ni hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la sita anaiweza. Tuseme ni saa nne kamili asubuhi kwa saa ya kompyuta ya ofisini, nayo inatuma swali. Seva inalipokea, na kwa saa ya seva ni milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) 130 baada ya saa nne. Inajibu milisekunde moja baadaye. Jibu linafika wakati saa ya ofisini inaonyesha milisekunde 61. Ukiondoa ile moja iliyotumika ndani ya seva, kwenda na kurudi kumechukua milisekunde 60, na nusu yake ni 30. Kwa hiyo swali lilipofika, saa ya ofisini ilikuwa 30 na ya seva 130. Ya ofisini imebaki nyuma kwa milisekunde 100.

Mtego uko kwenye ile nusu. Hesabu yote imedhani kwamba kwenda na kurudi ni sawa. Kama kwenda kulichukua milisekunde 50 na kurudi 10, jumla bado ni 60 na hakuna kinachoonekana kuharibika, ila ukweli ni kwamba saa ya ofisini ilikuwa nyuma kwa 80 tu. Kosa la milisekunde 20 limeingia, na mashine hizo mbili haziwezi kuligundua hata zikiulizana mara elfu. Mills alilijua hilo tangu mwanzo. Karibu kila kilichofuata katika fani hii ni namna mpya ya kupambana na ile nusu.

Yeye alipambana nayo kwa wingi wa mashahidi. Kompyuta inauliza seva kadhaa badala ya moja, inalinganisha majibu, kisha inazigawa saa makundi mawili, zisemazo kweli na zinazodanganya. Mills aliyatumia majina ya namna hiyo bila haya. Mbinu ya kuwabaini waongo aliijenga juu ya tasnifu ya Keith Marzullo ya Chuo Kikuu cha Stanford, ya mwaka 1984. Saa inayorekebishwa kwa kawaida hairukishwi ghafla, maana kuirudisha saa nyuma katikati ya kazi ni kuleta fujo ileile ya kutoa fedha kabla ya kuziweka. Inaongezwa au kupunguzwa mwendo taratibu mpaka ifike panapotakiwa. Seva zenyewe zimepangwa kwa matabaka: zilizoungwa na saa ya atomiki au kipokezi cha setilaiti ni tabaka la kwanza, zinazojifunza kwao ni la pili, na kuendelea hadi la kumi na tano.

Katika intaneti ya kawaida mpango huo hutoa usahihi wa milisekunde chache hadi makumi kadhaa. Afrika Mashariki ilikuwa na shida ya ziada. Mpaka kebo ya SEACOM ilipowashwa Julai 2009 na nyingine zikafuata, mawasiliano yetu na ng'ambo yalipandishwa kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali la kompyuta ya Dar es Salaam kwa seva ya Ulaya lilichukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, na upande wa kushusha data ulipojaa watu wanaopakua, kurudi kulichelewa kuliko kwenda. Umbali peke yake NTP iliuvumilia. Kutolingana kwa pande mbili ndiko kulikoipotosha.

Miaka ya tisini NTP ilisambaa kila mahali, tena bure. Mills alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha Delaware mwaka 1986, na seva za tabaka la kwanza ziliendeshwa na vyuo, maabara na watu wenye moyo. Ukarimu huo ulitumiwa vibaya, wakati mwingine bila kukusudia. Mei 2003 Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison kiliona mtandao wake ukielemewa na maswali ya saa: pakiti zaidi ya 40,000 kila sekunde, ambazo baadaye zilifika 250,000. Wahandisi wake walidhani ni shambulio. Uchunguzi ukaonyesha kwamba ruta za nyumbani za kampuni ya Netgear, mamia ya maelfu, zilikuwa zimetoka kiwandani na anwani ya seva ya chuo hicho ikiwa imeandikwa ndani ya programu yake, na kila moja isipojibiwa iliuliza tena baada ya sekunde moja. Chuo kilipozuia maswali, ruta hazikupata majibu, basi zikazidi kuuliza. Kampuni ilikiri na kutoa marekebisho, lakini nani hufungua ruta yake ya nyumbani kuisasisha? Mimi naona kisa hiki kinafaa kufundishwa kila penye darasa la programu: kosa la mistari michache lilitua kwenye mabega ya watu waliokuwa wakijitolea.

Kisha likaja suala la sekunde ya nyongeza. Dunia huzunguka kwa mwendo usiotulia, na tangu 1972 sekunde moja imeongezwa kwenye saa ya dunia mara 27 ili isiachane na jua. Sekunde hiyo huingizwa usiku wa manane kwa saa ya Greenwich, ambao kwetu ni saa tisa usiku. Ile ya Juni 30, 2012 iliamsha kasoro iliyokuwa imejificha ndani ya Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi. Seva zikaanza kujishughulisha bure mpaka zikachoka, tovuti ya Reddit ikalala, na Australia wahudumu wa shirika la ndege la Qantas wakaandikisha abiria kwa mkono. Google walikuwa wamepata ujanja wao: waliikata sekunde vipande vidogo sana na kuvitawanya kwa saa nyingi, seva zao zisijue kama kuna kitu kimeongezwa. Novemba 2022 mkutano mkuu wa vipimo vya dunia uliamua mtindo wa kuongeza sekunde usitishwe ifikapo 2035. Sekunde ya nyongeza ya mwisho mpaka sasa iliingia Januari 1, 2017 kwa saa zetu, na wengi wetu tulikuwa tumelala.

Viwandani milisekunde hazikutosha. Mikono miwili ya mashine inayoshika chuma kimoja haiwezi kuachana kwa milisekunde tano. Katika maabara za Hewlett-Packard, John Eidson na wenzake walirudi kwenye swali la njia na kuuliza muda hupotelea wapi hasa. Sehemu kubwa hupotelea ndani ya mashine zenyewe: programu inaandika saa, kisha pakiti inakaa foleni ikisubiri processa ipate nafasi. Wakaamua muda usiandikwe na programu, uandikwe na kifaa kilichopo mlangoni pa waya, pakiti ikiwa inatoka. Novemba 2002 kazi hiyo ikawa kiwango cha IEEE 1588, na toleo la 2008 likaziongezea swichi za njiani wajibu wa kutoa taarifa: kila swichi iseme imeishikilia pakiti kwa muda gani. Badala ya kukisia foleni, sasa foleni inajieleza yenyewe. Usahihi ukashuka chini ya mikrosekunde moja, yaani sehemu ya milioni ya sekunde.

Wanafizikia walitaka zaidi ya hapo, na waliumbuka hadharani. Septemba 23, 2011, kikundi cha jaribio la OPERA kilisimama mbele ya ukumbi uliojaa huko CERN, maabara ya fizikia iliyoko Geneva, na kutangaza jambo ambalo halikutarajiwa na mtu. Chembe za nyutrino zilizotumwa kutoka CERN hadi maabara iliyo chini ya mlima Gran Sasso, Italia, umbali wa kilomita 730, zilikuwa zikifika mapema kuliko mwanga kwa takriban nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) 60. Safari yote huchukua kama milisekunde 2.4. Katika nanosekunde moja mwanga husafiri sentimita 30, kwa hiyo nyutrino zilimshinda Einstein kwa mita 18 hivi. Watafiti hao hawakudai wamevunja fizikia. Walisema wamepekua kila kona bila kuona kosa, wakawaomba wenzao wawasaidie.

Kosa lilikuwa kwenye waya. Saa ya jaribio ilikuwa chini ya mlima, mahali ambapo mawimbi ya setilaiti za GPS, zinazotangaza saa, hayafiki. Kipokezi kiliwekwa juu, na ishara yake ikateremshwa kwa faiba yenye urefu wa kilomita 8.3. Kwenye ncha ya chini, kiungio cha faiba hiyo hakikuwa kimekazwa sawasawa. Mwanga ulipita, ila ulipita hafifu, na kifaa cha kuupokea kilichukua muda zaidi kuridhika kwamba ishara imefika. Ucheleweshaji huo ulikuwa kama nanosekunde 73. Saa ya chini ikawa nyuma kwa kiasi hicho, na kila nyutrino iliyofika ikaandikiwa muda wa mapema kuliko halisi. Kosa la pili, la kifaa cha kupigia sekunde kilichokwenda mbio kidogo, lilivuta upande mwingine kwa nanosekunde kama 15. Ukitoa, unapata karibu zile 60. Habari ya kiungio ikatoka Februari 2012. Mwishoni mwa Machi msemaji wa kikundi na mratibu wake wa fizikia wakajiuzulu, na majaribio ya Mei yakaonyesha nyutrino zinakwenda kwa mwendo wa mwanga kama ilivyotarajiwa.

Wapo waliowacheka. Mimi nadhani waliwatendea visivyo. Faiba ile ilikuwa imepimwa urefu na ucheleweshaji wake; kilichobadilika ni kiungio, na hakuna aliyekipima tena kwa wakati. Mills alikuwa na mashahidi wengi wa kulinganisha. Chini ya Gran Sasso njia ilikuwa moja.

Ajabu ni kwamba dawa ilikuwa tayari inatengenezwa CERN kwenyewe. Tangu 2008 wahandisi wa hapo, wakishirikiana na maabara ya GSI ya Darmstadt, Ujerumani, walikuwa wakijenga White Rabbit, mfumo uliopewa jina la sungura mwenye saa katika hadithi ya Alice. Mfumo huu unatumia kanuni za IEEE 1588, lakini unaongeza mawili. La kwanza, mashine zote zinapigishwa mwendo na saa moja kupitia waya uleule wa data, zisiachane katikati ya vipimo. La pili linaishambulia ile nusu moja kwa moja: kwenda na kurudi kunapita kwenye uzi mmoja wa faiba kwa rangi mbili za mwanga. Urefu ni uleule kwa pande zote mbili, na tofauti ya mwendo kati ya rangi hizo inapimika mapema na kuingizwa kwenye hesabu. Kinachobaki ni kosa lililo chini ya nanosekunde moja kwa kilomita nyingi za faiba, na njia inapimwa mfululizo, kwa hiyo joto likiurefusha uzi mchana mfumo unajua. White Rabbit ilitumika kwenye vipimo vya nyutrino vya 2012. Michoro yake imeachwa wazi kwa yeyote, na mwaka 2019 mbinu zake zikaingizwa kwenye kiwango cha IEEE 1588 chenyewe.

Wafanyabiashara hawakukaa nyuma. Tangu Januari 2018, sheria za masoko ya hisa za Umoja wa Ulaya zinataka kampuni zinazouza na kununua kwa kasi ya kompyuta ziwe na saa isiyotofautiana na saa ya dunia kwa zaidi ya mikrosekunde 100, ili wakaguzi waweze kusema nani aliagiza kwanza. Google, katika hifadhidata yao ya Spanner waliyoieleza mwaka 2012, walikwenda njia nyingine, ambayo kwangu ndiyo ya kiungwana kuliko zote. Waliweka vipokezi vya GPS na saa za atomiki kwenye vituo vyao, lakini saa yao haitamki wakati mmoja. Inasema: ni kati ya hapa na hapa, pengo la milisekunde chache. Kabla ya kukamilisha kazi ya kuandika, mfumo unasubiri pengo hilo lipite ndipo uendelee.

Wengi wa hao wanaegemea GPS, na GPS nayo hukosea. Januari 26, 2016, setilaiti moja kuukuu ilipokuwa ikiondolewa kazini, data zenye kasoro zilipakiwa kwenye setilaiti kadhaa, na saa ya dunia iliyotangazwa nazo ikatofautiana na ukweli kwa takriban mikrosekunde 13. Madereva hawakuona kitu. Mitambo ya simu ilipiga kengele sehemu mbalimbali duniani, na redio za kidijitali za BBC zikakatikakatika.

Mills alistaafu Delaware mwaka 2008, na uzeeni akapofuka kabisa. Toleo la nne la NTP lilichapishwa mwaka 2010 likiwa na jina lake. Alifariki Januari 17, 2024, akiwa na miaka 85, na habari ikatangazwa na Vint Cerf, mmoja wa waasisi wa intaneti. Programu yake hutunzwa na watu wachache mno ukilinganisha na mabilioni ya vifaa vinavyoitegemea.

Kuna deni moja aliloliacha, nalo lina tarehe. NTP huhesabu sekunde kuanzia Januari 1, 1900, na nafasi ya kuandikia hesabu hiyo inatosha sekunde 4,294,967,296 tu. Zitajaa Februari 7, 2036, saa tatu na dakika 28 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, na hesabu itaanza upya kutoka sifuri. Programu mpya zinajua cha kufanya. Mashine za zamani zilizosahauliwa kwenye vituo vya umeme, minara ya simu na vyumba vya seva huenda zikadhani tumerudi mwaka 1900. Mwenye dhamana ya mashine za namna hiyo aanze kuzikagua sasa.